Kaburi la Sinema

Sina filamu ninayoipenda siku hizi. Mume wangu husema niliumbwa kulalamika, na kwamba televisheni yetu ingekuwa na miguu ingeshatoroka Migori ikarudi dukani. Jumamosi jua likishazama na Sabato ikafungwa, naondoa kitambaa kilichoifunika tangu Ijumaa jioni, nakaa kitini na bakuli la njugu, na hasira inanipanda kabla njugu hazijaisha.

Juzi tulitazama moja ya ng'ambo. Mama wa watu anakaanga mayai, anapanga mkate, anamimina maji ya machungwa. Watoto wanashuka ngazi, kila mmoja anang'ata mara moja, wanatoka mbio. Chakula chote kinabaki mezani na hakuna anayesema neno. Angekuwa mama yangu, filamu ingeishia hapo, maana wangerudishwa wote wamalize. Nyingine, jamaa alipigwa risasi ya bega, akaruka ukuta, akapigana na watu sita. Mimi nilidungwa sindano ya malaria nikashindwa kupanda bodaboda.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni mazishi yao. Watu kumi wamesimama na miavuli myeusi, pasta anasoma mstari mmoja, wanatupa maua, wanaingia kwenye magari. Basi. Hakuna hema, hakuna sufuria, hakuna shangazi anayegombana na wapishi kuhusu nyama. Mtu amekufa na hakuna hata mmoja aliyeuliza wageni wamekula nini. Hayo ni matanga gani?

"Wewe nawe, hiyo ni sinema tu," mume wangu husema.

Ni hiyo "tu" ninayoichukia, na ninayo sababu.

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, watu wa filamu walifika nyumbani kwa mama, upande wa Homa Bay, karibu na ziwa. Ndugu yangu kitinda mimba, anayeishi naye pale bomani, ndiye aliyewakaribisha. Walikuwa wanatafuta boma la mjane. Mama ni mjane na boma analo, kwa hiyo alifurahi. Alipaka ukuta rangi upya na kufua vitambaa vyote vya makochi. Wageni walipofika waliutazama ule ukuta, wakanong'onezana, kisha wakaupaka matope. Wakateremsha dishi la televisheni. Makochi yakahamishiwa kwa jirani.

"Wanasema nyumba yangu si maskini ya kutosha," mama aliniambia kwa simu, akijaribu kucheka.

Nyumba ile aliijenga kwa biashara ya omena, dagaa wa ziwani, chumba baada ya chumba, baada ya baba kufariki. Nilitaka kupanda gari siku hiyo hiyo niende nikaupanguse ule ukuta mwenyewe. Mama akanikataza. Wageni ni wageni, alisema.

Jumamosi alikwenda kanisani kutwa nzima, desturi yake. Aliporudi jioni, Biblia kwapani, alikuta kaburi limechimbwa kando ya kaburi la baba. Si shimo la kubahatisha. Lilikuwa limepimwa, pembe nne, udongo umerundikwa upande mmoja.

"Hii shimo ni ya nani?" alimwuliza mkurugenzi, kijana wa Nairobi aliyevaa miwani ya jua hata jua lilipokuwa limezama.

"Ni ya sinema tu, Mathe. Kesho tunazika mtu wetu hapa, tunafukia, tunaenda."

Kwetu kaburi likichimbwa halilali tupu. Huchimbwa kwa ajili ya mtu anayejulikana, na halikai bila mtu wa kulilinda mpaka mwenyewe aingie. Jirani yetu alipozama ziwani na mwili wake usipatikane, walichuma tunda la yago, lile zito lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, wakalivika shuka, wakalililia na kulizika mahali pake. Kaburi linataka mwenyewe. Lisipopewa, litajitafutia.

Mama hapendi maneno hayo. Ni Msabato wa kweli, amefundisha shule ya Sabato miaka na miaka, na ukiyataja mbele yake atakukumbusha kwamba wafu wamelala na hawana habari na mtu. Mimi nimekumbushwa mara nyingi. Lakini jioni ile alinipigia simu, akazungumza Kijaluo kwa sauti ya chini.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "wafu siwaogopi. Naogopa shimo."

Asubuhi ya Jumapili alikwenda kwa dada yake pamoja na ndugu yangu, kwa sababu hakutaka kushuhudia mtu mzima akizikwa kwa mchezo. Aliporudi jioni shimo lilikuwa limefukiwa na magari yamepakiwa.

"Tumezika, Mathe. Poa kabisa," mkurugenzi alimwambia, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, wakaondoka. Matope yalibaki ukutani.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Labda zamani. Mchimbaji huyu aliingia kwenye gari, akawasha kiyoyozi.

Tangu siku hiyo mama alihama chumba chake, kwa kuwa dirisha linaangalia pale, akawa analala chumba cha wageni. Ndugu yangu alipopata malaria, homa ya kawaida tu, mama alikaa mlangoni pake kutwa akimsikiliza anavyopumua. Akikohoa yeye mwenyewe, aligeuka kwanza kutazama lile tuta. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu, na hasira yangu yote nikaielekeza Nairobi.

Jambo moja tu lilimtuliza. "Lina mtu wake," aliniambia. "Ni mtu wa mchezo, lakini alilazwa ndani, wakamlilia. Filamu ikitoka nataka nimwone. Nikishamwona nitarudi chumbani kwangu."

Akaingoja filamu ile miezi yote hiyo. Kila tukiongea, kabla hata ya kuuliza wajukuu, aliuliza kama imetoka.

Mwezi uliopita ndugu yangu aliipata, akaiweka kwenye flashi. Nilisafiri Jumapili kutoka Migori, nikamkuta mama amevaa gauni la kanisani na kufunga mapazia ili kioo kionekane vizuri.

Filamu yenyewe ni mbovu, nisifiche. Wanaume wote wa ziwani ni walevi. Wanawake wote wanalia kwenye leso. Mwigizaji aliyekuwa mjane alisema Kijaluo kana kwamba ana mawe mdomoni, na alipopika ngege alimkata kichwa akakitupa. Kichwa cha samaki! Nilisimama. Ndugu yangu akaniambia nikae.

Mama hakujali samaki. Alimtazama kijana wa mjane, yule ambaye kila mtu aliona kwamba hafiki mwisho.

"Huyu atakufa saa ngapi?"

"Ngoja, Mama," ndugu yangu akamjibu akicheka.

"Naona ananenepa tu."

Sote tukacheka, hata yeye. Hatimaye kijana akachomwa kisu nje ya baa. Mjane akapiga ukemi. Mama akanishika mkono, akaubana. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi: Miezi mitatu baadaye. Mjane yuko Nairobi, ofisini kwa wakili, amesuka nywele.

"Rudisha," mama alisema.

Ndugu yangu akarudisha. Kisu, ukemi, giza, miezi mitatu baadaye. Akarudisha tena. Tukaitazama mpaka mwisho, mpaka majina yakapita yote, tukidhani labda mazishi wameyaweka mbele. Hayakuwepo.

Nilichukua simu ya ndugu yangu nikampigia mkurugenzi, nikajitambulisha kuwa dada yake.

"Siste! Mmeiona? Nipe feedback."

"Mlimzika nani kwetu?"

"Aah, ile scene. Unajua ile Sunday mvua ilitunyeshea vibaya, light ikaisha. Hatukushuti. Story ina-flow tu bila mazishi. Lakini shimo si tulifukia?"

"Ulimwambia mama mmezika."

"Si nilitaka tu kumtuliza? Siste, hiyo ilikuwa shimo ya sinema tu."

Nilimtukana kwa Kiswahili mpaka Kiswahili kikaniishia, nikahamia Kijaluo. Walimpaka mama yangu matope, nikavumilia. Walimfanya mjane wa kulia kwenye leso katikati ya walevi, ningevumilia hata hilo. Lakini walimchimbia kaburi mlangoni, wakamdanganya machoni, na hawakuwa hata na haja nalo. Mama alinisikia nikitukana Jumapili mchana na madirisha wazi, na hakunikemea, yeye ambaye hunikemea kwa kupaza sauti tu. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilipokata simu alikuwa ameshatoka. Nilimkuta kando ya tuta, gauni la kanisani limepandishwa magotini, jembe mkononi.

"Kwa hiyo bado liko tupu," alisema.

Ndugu yangu hakungoja kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti wa yago ulio njiani kuelekea shuleni, akarudi na tunda begani. Tulichimba sisi wawili, udongo ulikuwa bado laini. Mama alileta shuka la kitanda chake mwenyewe, akalifungia tunda ndani. Hakuimba wimbo wa kanisani wala hakuomba. Alisimama wima mpaka tulipomaliza kufukia, kisha akaingia jikoni, akatoa sufuria kubwa ya matanga, akachemsha chai ya maziwa na kuwaita majirani waje wanywe. Walikuja, wakanywa, na hakuna aliyeuliza sababu. Siku hiyo alirudi kulala chumbani kwake.

Wiki mbili baadaye mkurugenzi akanitumia ujumbe, namba yangu ameipata kwa ndugu yangu. Aliyaruka matusi yangu yote kana kwamba yalikuwa ya mtu mwingine. Filamu imependwa, wanatengeneza sehemu ya pili, wangeomba boma lile lile. Nilimpigia mama nikamsomea, nikiwa tayari na maneno mapya ya kumjibu yule kijana.

Nilisikia brashi ikipita ukutani, alikuwa anapaka rangi.

"Waambie waje," alisema.

"Mama?"

"Waje. Lakini safari hii waje na maiti wao."