Picha ya Lango Niliyoifunika

Mama mkwe wangu namjua kwa viatu. Ana raba nyeupe za kanisani, ndara za buluu za nyumbani, na viatu vyeusi vya kifungo ambavyo huvivaa kwenye mazishi na shughuli kubwa. Namjua pia kwa kikohozi, kwa pindo la gauni na kwa sauti yake anapowafukuza kuku. Uso wake siujui. Watoto wangu wamekulia mapajani mwake, na bado nikikutana naye sokoni bila kutazama chini naweza kumpita kama mtu baki.

Hili si jambo la ajabu kwetu. Mimi ni Mkuria wa Kehancha, nimeoa kwa Wajaluo wa Rodi Kopany, na pande zote mbili mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Humpi mkono ovyo, huketi alipoketi, na nguo ikimteleza begani wewe ndiye unayeondoka. Mimi nilizidisha. Walinipokea kwa mkono mmoja, huku wajomba wa mke wangu wakiuliza kama wavulana wa karibu walikuwa wameisha, nami nikaapa kwamba hawatapata kosa la kunisema. Akitokea mlangoni, mimi huyu nageukia migomba. Kichekesho ni kwamba kazi yangu ni kupiga picha. Nina studio mjini Homa Bay, na siku nzima nawaambia watu wainue kidevu.

Studio hiyo niliichukua kwa mzee aliyekuwa amechoka nayo. Aliniachia kamera mbili mbovu, pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, na bati la biskuti lililojaa filamu za zamani. Bati lilikaa juu ya kabati mpaka mwaka jana, watu wa kaunti walipotaka kujenga lango jipya la mji. Walionelea kwanza wananchi waonyeshwe picha za lile la zamani, na mtu fulani akawaambia kwamba nina bati.

Lango lenyewe lilikuwa pale barabara inapoingia mjini. Nguzo mbili za matofali, tao juu yake, na chokaa. Halikuwa na mlango wala ukuta, hivyo mbuzi aliyetaka kuingia mjini alipita kando bila kuulizwa. Kazi yake ilikuwa kupitiwa na wakubwa. Mgeni wa maana akitarajiwa, lilivikwa mafunjo ya ziwani na maua, askari wakapanga mistari, na akina mama wakacheza chini yake tangu asubuhi hadi magari yatokee. Barabara ilipopanuliwa likabomolewa, na sikumbuki mtu aliyelia.

Nilianza kuzisafisha zile filamu na kuziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Palikuwa na lango likijengwa, fundi amesimama juu ya pipa. Lango katika mvua, mbuzi wamejikinga chini yake. Lango na lori la miwa lililoegemea nguzo ya kushoto, dereva ameshika kichwa. Lango na wakubwa waliovaa suti nzito, jasho linaonekana hata baada ya miaka yote hiyo. Nilizipenda, lakini zilikuwa picha za watu waliojua kwamba wanapigwa picha.

Kisha nikaikuta ile moja. Mwanamke mzima yuko hewani chini ya tao, miguu yote miwili imeacha ardhi. Amevaa sketi fupi ya katani, shanga kiunoni, kitambaa kifuani ambacho kilikuwa kinafikiria kuondoka. Anacheka mdomo wazi, na pengo la meno ya chini yaliyong'olewa kimila linaonekana. Nyuma yake wenzake wamekunja magoti, bado hawajaruka. Mapaja yake yanang'aa mafuta. Wakubwa hawaonekani popote, na huyu mwanamke hana habari nao.

Nilikaa na picha hiyo majuma kadhaa. Niliikuza kwenye kompyuta mpaka nikaona mkunjo wa shingo yake. Nilitoa madoa kwenye shavu lake kwa uangalifu kuliko ninavyonyoa ndevu zangu. Mke wangu alipita studio siku moja akitafuna njugu, akasimama mbele yake, akatafuna polepole.

"Hii utaweka wapi?" akauliza.

"Mbele kabisa. Mtu akifungua mlango akutane nayo."

"Weka hapo hapo," akasema, akaenda zake sokoni.

Nikaichapisha kubwa, karibu urefu wa mlango, nikaitia fremu. Siku ya maonyesho niliitundika mwenyewe ukumbini, ikawa kama dirisha ukutani. Nilisimama mbali nikajisifu. Niseme kweli, nilijisifu kwa sauti.

Wa kwanza kuingia alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekuja mapema kusaidia kupanga viti. Alikuwa amebeba viti vinne. Akaviweka chini kimoja kimoja.

"Shem," akasema, "huyu unamjua?"

"Ni wale wachezaji wa zamani. Angalia vile ameruka!"

"Nimekuuliza kama unamjua."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huyo ni mama," akasema. "Huyo ni mama yetu, na wewe ndio umemweka hapo. Wazee wa nyumbani na wajomba wako nje wanashuka kwa gari. Toa hiyo kitu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Majuma yote yale nilikuwa nimekaa na mama mkwe wangu uso kwa uso, nimemkagua goti na bega, mimi ninayekimbilia migomba akitoka nje kumwaga maji. Nilijaribu kuishusha, lakini nilikuwa nimeikaza kwa skrubu, na bisibisi ilikuwa studio. Sauti za wazee zilikuwa zimefika ngazini. Nikakimbilia meza kuu, nikavuta kitambaa cha mezani kwa nguvu, maua ya plastiki na chupa za maji vikaporomoka, nikapanda kiti na kuifunika picha yote, juu hadi chini.

Wazee wakaingia, wakasalimia, wakaenda kukaa. Nilikuwa bado nahema nilipoviona viatu vyeusi vya kifungo mlangoni.

Hakuwa amealikwa, kwa kadiri nilivyojua. Nyuma yake zilifuata jozi nne za viatu vya akina mama wa umri wake. Waliongea Kijaluo kwa kelele, kwa ile sauti ya watu waliotoka nyumbani asubuhi kwa ajili ya jambo moja. Wakaja moja kwa moja hadi kwenye kitambaa. Kelele ikapungua. Viatu vyeusi vikasimama hapo, vimeelekea ukutani, mimi nikiwa hatua chache kando nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Mmoja wa wale akina mama akauliza kitu. Mama mkwe akajibu neno moja. Kisha viatu vikageuka, vikapita polepole mbele ya picha nyingine zote, ya fundi, ya mbuzi, ya lori la miwa, vikaenda kuketi nyuma.

Nikashukuru Mungu. Nilidhani nimeokoa jahazi.

Mheshimiwa wa kaunti aliyealikwa kufungua maonyesho alipofika, alifanya kile ambacho mheshimiwa yeyote angefanya akiona kitu kikubwa kimefunikwa kitambaa cheupe ukutani. Alijua ni chake cha kuzindua. Alimaliza hotuba, akakaribia akitabasamu, wapiga picha wa simu wakajipanga, mkono ukashika ncha ya kitambaa.

Shemeji aliruka safu mbili za viti. "Hiyo bado haijakauka, mheshimiwa!"

Picha ya karatasi, iliyochapishwa siku tatu nyuma. Mheshimiwa akaangalia vidole vyake, akavipangusa kwenye leso, akazindua lori la miwa. Watu wakapiga makofi. Nami nilicheka pia, nilicheka kwa kupona, na sasa nikikumbuka kicheko hicho nasikia haya kuliko kitu kingine chochote cha siku ile.

Jioni nilimweleza mke wangu jikoni jinsi nilivyoinusuru heshima ya mama yake. Nilieleza vizuri, na kuruka juu ya kiti nikaonyesha. Alikuwa anakoroga ugali. Aliendelea kukoroga hata baada ya ugali kuiva.

"Nilimjua siku ile ile pale studio," akasema.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeitundika?"

"Nisingeitundika."

"Basi."

Akaepua sufuria. Ndipo akaniambia yaliyobaki, kwa sauti ya kawaida, akiwa amenipa mgongo. Mama yake hana picha ya ujana hata moja. Iliyopo ni ya kitambulisho, amekunja uso kama aliyekamatwa. Lakini miaka yote amekuwa akisimulia kwamba siku fulani langoni mwanamume mwenye kamera aliwaacha wakubwa akampiga yeye akiwa hewani. Wale akina mama wanne walicheza naye siku hiyo. Wao ndio waliokuwa nyuma yake wamekunja magoti. Na wao ndio wanaomcheka kanisani, shambani, kisimani, kwamba ni maneno tu, kwamba nani angepoteza filamu kwa ajili yake. Mke wangu alipoiona picha alimpigia mama yake simu. Mama akavaa viatu vyake vya shughuli, akawakusanya wote wanne akawaambia, twendeni mkaone.

"Walimcheka njiani wakirudi?" nikauliza.

"Hawakucheka. Walimhurumia."

Sikula. Nilikaa na sahani mbele yangu nikitafuta mahali pa kuweka lawama, nikamtaja shemeji, nikataja mila, nikataja wazee ngazini. Mke wangu hakubishana. Lakini nilijua. Ningekuwa naogopa kwa ajili ya mama, ningemwendea mtu, mke wangu au mmojawapo wa wale akina mama, niulize mama mwenyewe anataka nini. Sikumwuliza mtu. Niliogopa wajomba waliokwisha kuniona si wa kutosha. Ngozi niliyoifunika ilikuwa yangu, na nilitumia heshima yake kama kitambaa kingine. Mwanamke aliyeruka mbele ya mji mzima bila haya yoyote, mimi nikamletea haya uzeeni.

Mila ina njia zake, na sikutaka kuvunja nyingine nikitengeneza hii. Jumapili iliyofuata tulienda Rodi Kopany na ile picha imefungwa ndani ya shuka, tumeifunga juu ya gari la jirani. Nilibaki uani, chini ya dirisha, mahali pa mkwe. Mke wangu na mmoja wa vijana wakaiingiza ndani. Nilisikia shuka likifunguliwa. Kisha ndara zikikwaruza sakafu, zikisogea karibu, zikirudi nyuma. Kisha alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, kwa sauti ya mwanamke ambaye bado yuko hewani, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nilitamani kuinua macho nimtazame. Sikuinua. Sijui hata leo kama hiyo ilikuwa heshima au uoga uleule.

Nikamwita mke wangu dirishani. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia amwambie mama kwamba ukumbi unaweza kupatikana tena, kwamba nitaitundika peke yake, mbele, bila lori wala wakubwa, na nitatuma gari likawachukue wale akina mama wote wanne mlango kwa mlango. Nikasema nitasimama hapo mwenyewe na kumwambia kila atakayeingia kwamba huyu ni mama mkwe wangu.

Alirudi ndani. Wakaongea kwa Kijaluo, si kwa muda mrefu. Alipotokea tena dirishani hakuwa amekasirika, na mama yake hakuwa amekasirika, nilisikia akimimina chai.

"Anasema ahsante, picha ni nzuri," mke wangu akaniambia. "Anasema usijisumbue na ukumbi. Wale aliotaka waone, walishaona kitambaa."