Moto wa Manjano Chumbani kwa Mzazi

Majani ya mwarobaini yakichemka, hutoa harufu chungu inayokaa kooni muda mrefu. Nikiinusa popote pale, hata kwa jirani, kwanza natafuta dirisha liko wapi na kama liko wazi. Mume wangu ananicheka, anasema siwezi kukaa pahala bila ya kujua njia ya kutokea. Mwacheni acheke. Yeye hakuwako Wadi Kabir, Maskati, majira yale ya baridi, mimi nikiwa na miaka tisa, na mama yangu amelala ndani na kitoto chake kichanga.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya magereji. Tangu asubuhi tukisikia mabati ya magari yakigongwa, na ikifika adhuhuri, ule ukimya wa mafundi kwenda kula ndio uliotujulisha saa. Tulikuwa na hoshi, yaani ua, ya saruji, jiko la kupikia upande mmoja wa hoshi, na upande wa pili chumba cha msaidizi. Baba alikuwa mwangalizi wa tanuri la kuchomea vigae katika kiwanda kimoja cha Rusayl. Tanuri halizimwi, halijui Ijumaa wala Idi, kwa hivyo Baba naye tulimwona kwa zamu.

Mwenye nyumba hasa alikuwa Bibi, mama yake Baba. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati msichana, na mambo ya uzazi alikuwa nayo yote kichwani. Mzazi, mwanamke aliyejifungua, hukaa ndani siku arubaini. Asubuhi na jioni akandwe kwa maji ya moto ya majani, afukizwe ubani, na katika siku zote hizo asipigwe na upepo hata chembe. Bibi alizikunja kanga kuukuu akaziziba nyufa zote za dirisha la Mama kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anayeshona. Baba alikuwa akisimama mlangoni, anatoa salamu, anauliza hali, anaondoka. Chumba kile kilikuwa cha wanawake, na mwanamume mwenye adabu zake haingii kuchungulia.

Tabu ilikuwa maji. Kuyatoa jikoni, kuyapitisha hoshini kwenye baridi ya asubuhi, yakifika yamepoa na mlango umefunguliwa mara kumi. Bibi akaamuru jiko kubwa la gesi, lile la miguu mitatu la kupikia pilau za harusi nje, liingizwe ndani pamoja na mtungi wake, likae kwenye kijia baina ya chumba cha Mama na choo. Kuanzia hapo sufuria la majani likawa juu ya moto kutwa nzima. Lilifurika, maji yakalimwagikia jiko, likafutwa juu juu, likawashwa tena. Sote tuliona ni jambo la busara sana. Hata mimi niliupenda moto ule, ukipepesuka manjano kama wa mshumaa.

Sasa nikwambieni dhambi yangu. Siku walipomleta ndugu yangu Harith kutoka hospitali, wanawake walijaa, mashallah huku, tabarakallah huku, na mimi niliyekuwa mwana pekee miaka tisa nikasukumwa mpaka nyuma ya kabati. Walipoondoka, Mama akanipakatisha mtoto. Nikamtazama. Alikuwa mwekundu, amekunjamana, uso kama sambusa isiyokaangwa bado. Nikasema moyoni, maneno haya haya: "Si urudi tu ulikotoka." Wala sikusema mashallah ya kumkinga na jicho.

Wiki ya pili Mama akaanza kulalamika kichwa. Kisha kichefuchefu. Kisha ukawa usingizi tu, anaamshwa kumnyonyesha mtoto, anaitikia maneno yasiyo na mbele wala nyuma. Harith naye akaacha kulia kwa njaa. Masizi yakaota chini ya sufuria na juu ya ukuta wa kijia. Bibi alipoyaona alisimama, akasema, "Mzazi wangu kapigwa jicho la husuda." Akaongeza ubani. Akatia kanga nyengine chini ya mlango, ili moshi usitoke.

Usiku ule, huku akinisuka nywele, akanifunza jambo ambalo naamini hakulisema kwa ubaya. "Ubani huu nnaoufukiza, Rayya, una dawa yake. Mwenye jicho akiuvuta tu, kichwa humgonga. Atajitoa mwenyewe, wewe tizama tu."

Jamani, kichwa changu kilikuwa kinanigonga tangu juzi yake!

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka woga wa mtoto ulivyo. Nywele zangu zilikuwa mikononi mwake, nikawa naomba tu amalize kusuka. Kumbe mimi. Kumbe ni mimi ninayemuua mama yangu na kile kitoto. Na ushahidi haukuisha hapo. Nikipanda basi la skuli, kabla hatujatoka Wadi Kabir kichwa kinaanza kuniachia. Nikiwa darasani mzima kabisa. Nikirudi, nikikaa saa moja tu karibu na Mama, kinarudi. Basi nikajua nikiwa mbali naye jicho hupoa. Nikaanza kumkwepa. Mama aliponyoosha mkono kuniita, nilijifanya nna kazi ya skuli, nikaenda kulia chooni, karibu kabisa na lile jiko.

Aliyesema hadharani alikuwa Stela. Stela alikuwa msaidizi wetu, mtu wa Njombe, mwaka wake wa pili kwetu, dada mrefu mwenye kuimba nyimbo za kanisani anapofua. Siku ya kumi na mbili tukiwa tunakula mchana, akashika paji la uso akasema, "Bibi, samahani, mimi leo sijiwezi. Kichwa kinanigonga siku ya tatu sasa."

Bibi aliweka tonge chini. Jioni akamwambia Stela, aliyekuwa akilala ndani tangu Mama ajifungue, ahamishe godoro, arudi chumba chake cha nje, na kuanzia leo asitie mguu kwa mzazi. Stela akauliza amekosa nini. Bibi akamjibu, "Hujakosa. Nenda tu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikala halua ya wageni bila ruhusa. Nikajisemea, alhamdulillah, si mimi, ni Stela.

Furaha yangu haikufika asubuhi. Niliamka kichwa kinapasuka, na Mama alikuwa hajui ni siku gani.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa, hakuna skuli, Baba yuko kazini. Kama saa nne hivi Bibi akaniambia nilitoe sufuria la majani nje likasafishwe, yeye atachemsha kwa jengine. Sauti yake ilikuwa nzito, anatembea ameshika ukuta. Nilifika hoshini, nikaliweka sufuria mbele ya Stela aliyekuwa anafua, nikageuka pembeni nikatapika.

"Rayya! Kichwa kinakuuma?"

"La."

"Kweli?"

"Wallahi la," nikaapa. Kiapo cha uongo, siku ya Ijumaa.

Hakunigombeza. Aliniosha uso, akanikalisha kwenye kizingiti cha chumba chake, akaendelea kufua huku ananitazama kwa pembeni. Nilikaa pale labda nusu saa. Macho yakaanza kunifunguka, nikaomba maji, nikaomba na mkate. Stela akaacha kufua. Akalivuta lile sufuria, akalipindua, akapitisha kidole chini yake. Kidole kikatoka cheusi ti.

"Moto wa kule ndani una rangi gani? Mimi sikuuangalia."

"Manjano," nikamwambia. "Mzuri."

Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Kanga ilimdondoka njiani hakuiokota. Nikamfuata mpaka mlangoni. Aliinama kwanza kwenye mtungi, akaufunga. Hakugusa swichi, hakuwasha taa. Akalipiga teke bakuli la ubani likatoka mpaka hoshini, kisha akalirukia dirisha na kuzing'oa zile kanga za Bibi moja moja.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda cha Mama. Akapiga ukelele, "We mwendawazimu! Utamuua mzazi kwa upepo!"

"Anakufa kwa hewa hii, Bibi! Kwetu Njombe tunazika watu kila baridi kwa jiko la mkaa chumbani. Inuka, tutoke!"

"Mbona sinusi harufu ya gesi?"

"Hii hainuki! Inuka!"

Bibi akajaribu kuinuka ili amzuie. Miguu ilikataa. Akaanguka kwa magoti, akabaki hivyo, anatazama mikono yake kama si yake, na hapo ndipo alipoogopa. Stela akaninyooshea kifurushi cha Harith bila hata kunitazama. "Toka naye. Nje. Usirudi." Akalishika godoro la Mama kwa ncha mbili akaanza kulikokota.

Nikasimama katikati ya hoshi juani na ndugu yangu mikononi. Shingo yake ilikuwa imelegea. Alikuwa na rangi nzuri, midomo myekundu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kitu chochote, uzuri ule na kimya kile. Nikamtikisa. Nikasoma Fatiha, nikasoma Qulhuwallahu, nikakosea, nikaanza upya. Nikamwambia, "Harith, nilikuwa natania. Usirudi ulikotoka. Kaa. Kaa kwetu. Nitakupa kitanda changu." Nikamwambia mashallah mara nyingi sana, mashallah mashallah mashallah, zile zote nilizomnyima. Nyuma yangu Stela anamburuta Mama, anamwita kwa jina, anampiga makofi ya mashavu, na Mama hajibu.

Kwanza nilisikia kitu kama paka mdogo. Kisha Harith akakunja uso wake wa sambusa akalia, kilio chembamba chenye hasira. Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya kufulia.

Mafundi wa gereji walisikia kelele wakaja, wakamtoa Bibi, mmoja akaleta gari lao la kubebea vyuma. Hospitali walituvisha sote barakoa za hewa, hata mimi. Mama alifumbua macho alasiri. Daktari alituambia, kwa Kiarabu na kwa upole, kwamba ni hewa ya sumu ya moto usioungua sawasawa, kwamba saa moja zaidi isingebaki hadithi ya kusimulia.

Baba alikuja na nguo zake za kiwandani. Alipoelezwa, alikaa kwenye kiti cha plastiki akajifunika uso. Kazi yake yote ilikuwa kutazama rangi ya moto, na hatua sita tu kutoka mahali aliposimama kutoa salamu, kulikuwa na moto wa manjano siku kumi.

Kesho yake alilitoa jiko hoshini akaniita. Alilifungua mbele yangu kwa spana. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na uji wa majani uliokauka, na pale gesi inapochanganyika na hewa palikuwa na donge jeusi. Akalisugua kwa brashi ya waya. Akaubadilisha mpira wa gesi, akaufunga na kupaka povu la sabuni kwenye viungo, akanionyesha, "Povu likivimba, gesi inavuja. Hapa haivuji." Akaliwasha. Moto ukatoka wa buluu, mfupi, umetulia. "Huu ndio mzima. Ukigeuka manjano unataka hewa na hauipati. Funga mtungi, toka nje, niite. Na hata ukiwa buluu, Rayya, jiko hili haliingii tena chumbani." Akageuka, akajifanya anatafuta spana.

Stela alirudishwa ndani. Bibi hakumwomba radhi kwa mdomo, mimi sikusikia. Alimwita tu, akampa Harith ampakate, akaketi mbali nao. Mkataba ulipokwisha Stela akarudi kwao, na sisi watoto tulilia kuliko wakubwa.

Jicho langu nililibeba miaka mingi, hata baada ya kujua kwa akili kwamba halikuwako. Nilikuja kulitua nilipojifungua binti yangu wa kwanza. Bibi alikuwa mkongwe, hatembei ila kwa kushikwa, akaja kukaa nami arubaini. Mchana mmoja, dirisha liko wazi, nikamweleza yote: maneno niliyomwambia Harith moyoni, kichwa kilichoniuma, kiapo changu cha uongo kwa Stela. Nilidhani atacheka.

Aliweka mkono wake juu ya mguu wa mtoto.

"Na mimi kilikuwa kinaniuma," akasema. "Kilianza kabla ya cha Stela. Nlijua mwenyewe nnampenda mama yako nusu nusu, na nliogopa jicho ni langu. Aliposema kinamuuma yeye, nlishukuru. Ndipo nlipomtoa."

Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia Stela.

"Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyesema kweli, na mimi nikamtupa nje?"

Sikumlaumu, kwa sababu na mimi siku ile nilikula halua.