Pikipiki ya Marehemu na Baridi ya Ikinga

Mume wangu alikuwa na pikipiki kubwa ya zamani, ya silinda mbili, yenye kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ya bati ubavuni. Aliinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa huko Mbozi, ambaye enzi za ujana wake alikuwa akisafiri nayo mpaka Iringa na kurudi. Bodaboda ikisimama kando yake inaonekana kama mbuzi kando ya ng'ombe. Aliitumia kupeleka parachichi na maharage Tunduma, na mimi nilikaa nyuma kushika mzigo. Baadaye alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, nikaweza. Lakini kuiwasha asubuhi sikujifunza, kwa sababu yeye aliamka kabla yangu. Nilikuwa nasikia tu nikiwa bado nimejifunika: kimya, kikohozi, kikohozi kingine, halafu mngurumo. Nilidhani ni jambo dogo.

Alifariki mwishoni mwa masika, baada ya figo kumsumbua muda mrefu. Tulipokwisha kujengea kaburi, ndugu zake walikaa kikao cha kumaliza msiba. Shamba likabaki kwangu na watoto, hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa pikipiki. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alisema chombo kisichowashwa huoza, na kwamba amempata mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, atakayekuja Jumamosi kuichukua.

Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kusikika nje, kwamba sitaki iuzwe. Sisi tunaishi juu milimani, Ikinga. Anayenunua parachichi shambani anataja bei yake, unapokea au zinaoza. Bila ile pikipiki ningekuwa mtu wa kupokea.

 Kutoka nje nikasikia sauti ya baba mkwe.

“Jumamosi asubuhi, kwa baridi, aiwashe mwenyewe bila kusukumwa. Ikikaa inanguruma bila kuzima, ni yake. Ikizima, iende.”

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu Wandali, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Siku hizi wengi wamelegeza, hata kanisani wanakaa benchi moja. Baba mkwe wangu hakulegeza. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi, na yeye akikaribia nyumbani anakohoa kutoka mbali ili nipate muda wa kupisha. Mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kuniambia neno, wala mimi kumjibu. Tulimzika mtu mmoja, kila mtu akiwa upande wake wa kaburi. Siandiki kulalamika. Ni heshima, na nilikuwa nimeizoea kama unavyozoea mlango mfupi.

Kesho yake niliitoa pikipiki kibandani, nikaisimamisha uani kwenye stendi kubwa. Ilikuwa mwezi wa sita, usukani unauma vidole. Betri ilikuwa imechoka, stata haina nguvu, kwa hiyo ilibaki kiki ya mguu. Nikafungua koki ya mafuta, nikavuta choki inayobana hewa injini ikiwa baridi, nikapiga kiki huku nikivuta mafuta kwa mkono wa kulia, kama wafanyavyo vijana wa bodaboda pale Tunduma. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikavuta zaidi, nikapiga zaidi. Harufu ya petroli ikajaa uani na mguu ukachoka.

Shemeji alikuwa anapita na jembe begani.

“Shemeji, unaiwasha au unaikanda?”

“Naiwasha.”

“Haya. Ila yule mtu wa Nakonde anapenda vitu vikavu. Usimlowanishie mali yake.”

Akaenda zake anacheka. Nikapiga tena. Ndipo nikasikia sauti nyuma ya ukuta wa jiko.

“Mwambie anayepiga mashine aache kuinywesha.”

Alikuwa baba mkwe. Sikumwona. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona ya jiko anapembua maharage, na kutoka pale alituona sisi wote wawili.

“Anasema uache kuinywesha,” mama akaniambia.

“Nimesikia, mama.”

“Usimjibu yeye.”

“Nakujibu wewe, mama.”

Baba mkwe alisimamia mashine ya kusaga nafaka kijijini kwa miaka mingi, ile ya dizeli. Injini alizijua. Nyuma ya ukuta akaeleza, kwa mama, kwamba choki hufanya kazi mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Ukivuta mafuta, unafungua njia ya hewa, choki inakosa nguvu ya kufyonza, na hicho kidogo kinachoingia kinalowanisha plagi.

“Anasema mkono wako una haraka,” mama akasema.

“Sijasema hivyo!”

“Ndiyo maana yake.”

Nikafungua plagi zote mbili. Zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikazifuta kwa kitambaa, nikazipasha jikoni mbali na harufu ya petroli, nikazirudisha. Nilipovuta choki mara hii, mkono wa kulia niliufunga kwenye fundo la khanga kifuani ili usinisaliti. Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Ikashika.

Mngurumo ulikuwa wa juu, kama kawaida choki ikiwa nje. Nikasubiri kidogo, nikairudisha choki ndani. Ikazima. Nikaiwasha tena, nikairudisha, ikazima.

“Inazima,” akasema ukuta. “Sailensi iko chini.”

Sailensi ndivyo mafundi wanavyouita mngurumo wa injini chombo kikiwa kimesimama, hakuna anayevuta mafuta. Akasema chini ya kabureta kuna kifundo, nikizungushe kuipandisha. Nikazungusha.

“Bado. Sisikii kitu.”

Nikazungusha tena. Kwangu mimi ilikuwa inapiga kelele sasa, kuku wamekimbia. Lakini mimi ni nani?

“Bado.”

Nikazungusha tena.

“Hapo.”

Haikuzima. Nilifurahi kama mtoto. Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, nikaiwasha, nikafunga parachichi kiasi kwenye masanduku, nikasema nijaribu mpaka barabara ya lami na kurudi. Tambarare ilikwenda vizuri. Injini ikapata moto. Nilipofika kwenye mteremko nikafunga mkono wa mafuta, kama mume wangu alivyonifundisha, ili injini yenyewe ishikilie uzito. Haikushikilia. Iliendelea kunivuta, kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika usukani na anavuta mafuta kwa ajili yangu. Nikakanyaga breki mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Kwenye kona lilikuwa linapanda lori la mbao, nikaenda majanini.

Sikuanguka. Parachichi chache zilipasuka. Nikazima, nikakaa chini kwenye majani, nikalia. Sisemi uongo, sikuwa nalia kwa woga. Nililia kwa sababu mtu ambaye ningemuuliza kosa liko wapi alikuwa chini ya saruji mpya.

Nilipomaliza kulia nikafikiri. Tuliipandisha sailensi injini ikiwa baridi. Ilipopata moto, kile kilichokuwa kinatosha kwa baridi kikawa kingi mno. Hilo moja. La pili lilikuwa gumu zaidi kulisema: baba mkwe alisema “sisikii kitu” wakati kuku walikuwa wanakimbia. Ile mashine ya kusaga iliyomfundisha injini ndiyo iliyomla masikio. Mtu anayesikia angekuwa sawa nyuma ya ukuta. Yeye alihitaji kuwa karibu, na karibu ndipo nilipokuwa mimi.

Nikarudi polepole kwa gia ya kwanza, sailensi inapiga kelele njia nzima.

“Mama,” nikasema nilipokwisha kumsimulia, “baba hasikii.”

“Najua. Namwomba chumvi ananiletea kuni.”

“Nani atamwambia?”

Mama akaweka ungo chini, akageukia nyuma ya ukuta.

“Mzee! Mashine imemtupa mtoto wa watu majanini. Ulisikiliza kwa masikio gani? Ya mwaka gani?”

 Nilitamani ardhi ipasuke.

“Sikiliza wewe basi,” akasema baba mkwe.

“Mimi najua sauti ya mashine? Mimi najua sauti yako. Sogea uishike.”

“Siwezi kusogea. Yupo.”

“Yupo, ndiyo. Mwanao ndiye hayupo. Na alichokiacha kitavuka mpaka kwa sababu ya ukuta wa jiko?”

Sikuwahi kumsikia mama akisema hivyo, wala sijamsikia tena.  Kisha baba mkwe akauliza, kwa sauti ndogo, kama kamba ya nguo bado ipo.

Mama akachukua blanketi kitandani kwake, akalitandaza kwenye kamba katikati ya ua. Mimi nikaisukuma pikipiki mpaka ikasimama sambamba na blanketi, injini bado ya moto, nikaiwasha. Nikachuchumaa upande wangu. Nikasikia kikohozi chake, safari hii cha karibu. Kisha mkono wake ukapita chini ya blanketi, ukatafuta, ukatua juu ya tangi.

Ulikuwa mkono mpana, kucha fupi, kidole gumba kimepinda kwa nje. Niliujua mkono ule. Wa aina ile niliuosha hospitalini siku nyingi, kidole kwa kidole, mwenyewe akiwa hawezi. Nikaangalia kabureta.

“Shusha,” akasema.

Hakumwambia mama. Mama alikuwa ameshaingia ndani, nadhani kwa makusudi. Nikakizungusha kifundo kwa kurudi nyuma.

“Shusha. Taratibu. Shusha tena.”

Kelele ikapungua, ikawa mngurumo, ikawa mapigo unayoweza kuyatofautisha. Tangi lilitetemeka kidogo chini ya kiganja chake.

“Umezidisha. Rudisha kidogo tu. Hapo. Acha.”

Tukakaa hivyo. Ilinguruma polepole, sawasawa, bila kupanda wala kushuka. Akasema sailensi hupimwa injini ikiwa ya moto, na tuliipima baridi, ndilo lililokuwa kosa. Wakati wa baridi kazi ni ya choki: irudishwe nusu kwanza, ikae, mpaka chuma cha injini kiwe na joto la kikombe cha chai, ndipo irudishwe yote. Aliyasema yote hayo kwa blanketi. Mkono hakuuondoa mara moja alipomaliza kusema. Mimi pia sikuzima.

Ijumaa niliiwasha asubuhi peke yangu, ikazima mara moja kwa sababu niliirudisha choki mapema. Nikaiwasha tena, nikajipa subira, ikakaa. Goti la kulia lilikuwa limevimba kwa kiki. Nikalikanda kwa maji ya moto.

Jumamosi mtu wa Nakonde alifika jua halijapanda vizuri, amevaa koti kubwa, kaja na bodaboda ya Tunduma, kalowa umande njiani. Shemeji akamkaribisha kiti. Umande ulikuwa mweupe juu ya majani. Nikaitoa pikipiki mbele yao, nimefunga kitambaa changu cheusi kichwani. Yule dereva wa bodaboda akaniangalia juu hadi chini.

“Mama, vuta mafuta kidogo, itashika.”

“Usinifundishe.”

Koki. Choki nje yote. Mkono wa kulia kwenye fundo la khanga. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Shemeji akamwegemea mgeni, akamwambia kitu, wakacheka. Ya tatu, kikohozi. Goti liliniuma mpaka machozi yakanitoka, nikamwona yule dereva anaunyoosha mkono kuja kunisaidia.

“Asiiguse!” ikatoka sauti ya baba mkwe nyuma ya jiko, nadhani mama, pale konani, alimwashiria.

Dereva akaurudisha mkono. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikapanda juu ya kiki kwa uzito wangu wote. Ikashika.

 Nikairudisha choki nusu, nikakaa pembeni juu ya gunia la maharage, mikono mapajani, waone kwamba siishikilii. Shemeji alikuwa anasubiri izime. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Mimi pia nilikuwa nasubiri izime, ndio ukweli. Nikanyoosha mkono nikagusa chuma. Kilikuwa na joto la kikombe cha chai. Nikairudisha choki yote. Mngurumo ukashuka, ukashuka, moyo ukanishuka nao, kisha ukatulia.

Mgeni akainuka, akaizunguka, akainama kusikiliza. Akamwambia shemeji kitu kwa Kibemba, shemeji akajikuna kichwa. Kisha mgeni akanigeukia.

“Mayo, umeniharibia safari,” akasema, akiniita mama kwa lugha yao, na alikuwa anatabasamu. “Hii ningeichukua hata leo.”

“Haiuzwi.”

“Nimeona.”

Shemeji aliingia ndani, akatoka na kadi ya pikipiki, akanipa bila kuniangalia. Baadaye alinisaidia kufunga masanduku, na hilo lazima niliandike pia, kwa sababu alifunga vizuri. Nilipoinua stendi, baba mkwe akakohoa nyuma ya ukuta wa jiko.

“Mwambie aende,” akasema. “Mafuta yanaungua bure.”

Nikaenda. Nilifika Tunduma malori bado yamepanga foleni ya mpaka, nikauza mzigo wote kwa bei niliyoitaja mimi. Jumatatu ilikuwa baridi zaidi. Ilikataa kiki nyingi, nikafungua plagi, nikazikausha, nikaanza upya. Jua lilipotokeza juu ya migomba nilikuwa barabarani.