Dada yangu aliniambia anaumwa, nikamdai ushahidi kama mwanafunzi wangu

Wakuu, nawasalimu wote. Ninayoleta hapa yamenipata mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazikata. Jina la shamba la maua linalohusika naliacha, wahusika wengine bado tunapishana nao mjini Arusha.

Mimi ni mwalimu wa falsafa chuoni. Najua kuna watakaouliza hiyo ni kazi gani. Hata marehemu baba aliuliza mpaka akachoka.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya jambo moja: mtu akikuambia kitu ambacho hukukiona, una haki gani ya kumwamini? PhD yangu yote, miaka mitano kwenye baridi ya Ulaya, nilitetea kwamba neno la mtu peke yake halitoshi. Lazima kuwe na sababu nyingine pembeni.

Nilirudi miaka ya tisini, soko huria limeshika kasi. Mashirika ya umma yanauzwa, na huku Usa River, nje kidogo ya Arusha, wawekezaji wanajenga greenhouse, yale mabanda ya plastiki ya kuoteshea maua ya kusafirisha nje. Nikapata chuo kidogo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nikapanga mtaa wa Sokon I mjini Arusha, nikaishi na dada yangu mdogo, Elinipa, kitindamimba wetu. Yeye alikuwa anakata waridi kwenye shamba mojawapo.

Jioni moja tunamenya ndizi, akaniambia:

"Kaka, wanatuingiza greenhouse majani bado yamelowa dawa ya wadudu. Naona ukungu. Mikono inatetemeka."

"Umejuaje ni dawa? Labda ni uchovu. Wenzako nao wanaumwa, au ni wewe tu?"

Niliuliza kwa upole kabisa, wakuu. Akajibu maswali mawili, la tatu akanyanyuka kwenda kuchota maji. Jambo lile hakuligusa tena.

Wiki chache baadaye shamba lile lile likaomba chuo kilete mtu wa kuongea na wafanyakazi kuhusu maadili ya kazi. Nikachaguliwa mimi. Mkuu wa chuo alinikumbusha kwamba shamba limeahidi kutujengea maktaba.

Nikaongea saa nzima. Mwishoni akasimama mama mmoja wa Kimeru, mtu mzima, kilemba kichwani.

"Mwalimu, sisi tukisema tunaumwa tunaitwa wavivu. Wewe umesoma. Mtu akisema anaumwa, aaminiwe au asiaminiwe?"

Meneja alikuwa pembeni yangu amekunja mikono. Nikaona mkataba wangu unapeperuka.

Nikajibu, "Inategemea. Lazima kuwe na ushahidi."

Meneja akapiga makofi. Yule mama akakaa taratibu. Elinipa alikuwa safu ya tatu, anatazama chini.

Haikupita hata wiki. Niko darasani, karani akaja mbio: simu ya ofisini, mdogo wako ameanguka ndani ya greenhouse, wamempeleka hospitali ya misheni.

Nilipofika sikumtambua haraka. Mate yanamtoka mdomoni, jasho limelowesha shuka, misuli ya mashavu inarukaruka yenyewe. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Nilimwita, hakuitika. Nikashika ukingo wa kitanda.

Supavaiza wa shamba alikuwepo, anamweleza daktari: "Hakuna dawa iliyopigwa leo. Huyu hajala tu."

Daktari, kijana wa Kichaga mwenye miwani, akanigeukia.

"Wewe ndugu yake? Dalili ni za sumu ya dawa ya kuulia wadudu, lakini huyu bwana anakataa. Kuna sindano. Nikimchoma na kumbe siyo, moyo wake unaweza kushindwa. Nisipomchoma na kumbe ndiyo, hafiki jioni. Aliwahi kukuambia chochote?"

Supavaiza akanikazia macho. "Mwalimu, juzi umesema mwenyewe, lazima kuwe na ushahidi."

Wakuu, sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye. Sikuwa nimeona dawa. Sikuwa nimeona majani. Nilikuwa na maneno ya mtoto wa mama yangu tu, yale yale niliyoyatilia shaka. Nikikosea, nimemuua. Nikinyamaza, nimemuua pia.

"Aliniambia," nikasema. "Wanaingizwa greenhouse majani yakiwa yamelowa dawa. Anaona ukungu, mikono inatetemeka. Alisema mwenyewe. Mchome."

Akachoma. Akasubiri, akachoma tena. Nilisimama ukutani nahesabu pumzi zake, na kila ilipochelewa moja nilihisi nimeshahukumiwa.

Mate yakakoma. Mchana ulipopinda akafungua macho, akaomba maji.

Alipona, ingawa mkono wa kushoto ulimsumbua kwa miezi. Shambani hakurudi. Mwisho wa mwaka mkataba wangu haukuendelea. Sababu sikuambiwa, na mtu wa aina yangu hawezi kudai anaijua.

Nikapata chuo kingine, utafiti nikaugeuza. Tangu hapo naandika juu ya hasara anayopata mtu anapokataliwa neno lake. Nimeitwa kwenye mikutano mingi kwa ajili ya hiyo, napigiwa makofi, na kila nikipigiwa nakumbuka makofi ya yule meneja.

Yule mama wa kilemba nilimtafuta nimwombe radhi. Alishahama, sikumpata.

Juzijuzi Elinipa, sasa ana watoto wakubwa, aliniuliza tukiwa tunakunywa chai:

"Kaka, siku ile kwa daktari uliniamini, au uliogopa tu?"

Nikamsogezea kikombe changu. Akanimiminia chai nyingine.

Nilichojifunza: mtu wako akikuambia anaumwa, simama naye kwanza, maswali yatafuata. Mimi nilianza na maswali, na nusura nibaki nayo peke yangu.

Karibuni. Kama nanyi mliwahi kusema kitu mkakosa wa kuwaamini, andikeni hapa chini. Nitasoma yote, na simdai mtu ushahidi.