Ndeke Yetu ya Rimoti

Juzi, hapa Nchelenge, mutoto wa jirani alikuwa analia: ndeke yake ya rimoti ilianguka mara moja tu, njo mwisho. Nilicheka, nikakumbuka yetu.

Nilikuwa mutoto; mangaribi moja ndeke yetu ilianguka mu chisense, samaki kadogo-kadogo zenye mama alianika ku muchanga. Bawa ikavunjika. Muzungu mwenye alitupatia ile ndeke alikuwa ametuambia, “Mukiirusha kila siku, haitamaliza mwaka.” Nilifikiri mwaka yake imeisha, imekufa na buzee, nikaanza kuichimbia kaburi.

“We mupumbafu, unazika nani?” baba aliniuliza. “Leta uzi ya wavu.”

Alishona bawa, akaikaza na kipande ya patapata, ndala ya mpira ya zamani. Ikaruka inanuka samaki, paka za bavuvi zikaifuata mbio.

Sasa najua ndeke haizeeki, inavunjika tu, na baba yangu anajua kushona. Hata leo inaruka. Mwenye amezeeka ni ule muzungu.