Askofu Atapika

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Kakuma, maana wao wakianza hadithi hii hawamalizi: niliona kosa la herufi moja kwenye tangazo la kanisa, kosa la mamangu mzazi, nikiwa na kalamu mkononi na kazi yangu siku hiyo ikiwa ni kusahihisha, nami nikaliacha kwa sababu lilinichekesha. Hiyo tu. Sikuiba, sikupigana, sikuchoma bweni.

Mjue kwanza kanisa letu hapa Lodwar lina darasa la kusoma la akina mama, kila jioni kwenye kibanda cha makuti, chini ya Mwalimu Barasa, katekista kutoka Bungoma ambaye ameishi hapa tangu sijazaliwa na bado kila siku anashangaa kwamba jua ni kali. Hata mimi nilifundishwa a-e-i-o-u na kanisa hilohilo nikiwa nasari (nilikuwa naenda kwa ajili ya uji, herufi ziliniingia kwa bahati mbaya). Mama yeye alijiunga mwaka jana, baada ya kubembelezwa sana, na siku ya kwanza alimwambia Mwalimu waziwazi, "Mimi nitakuja, lakini siku watu watanicheka, sirudi tena." Kwa sababu baba mdogo alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mkono uliozoea kukamua mbuzi hauwezi kushika penseli.

Kitu alichokuwa anataka ni kimoja. Ukimaliza darasa, Askofu anakupa cheti, na siku hiyohiyo unasimama mbele unasoma somo la Jumapili. Mama amesikiliza masomo yakisomwa na watu wengine maisha yake yote, na alitaka mara moja tu watu wakae kimya wasikie likitoka mdomoni mwake.

Sasa Askofu akasema vyeti vitatolewa Kakuma, madarasa yote mawili pamoja, letu na lao. Mwalimu Barasa akaamua tangazo la kuwaita watu wa Kakuma liandikwe na mwanafunzi, ili dunia ione matunda. Akamchagua Mama kwa sababu mistari yake hainami, na mimi, niliyekuwa likizoni, akanipa kalamu ya kusahihisha.

Hapa nieleze jambo. Sisi Waturkana na herufi F hatujawahi kuelewana. Kwetu haipo, kwa hivyo ikitujia kwa Kiswahili tunaipa P na maisha yanaendelea: fundi ni pundi, fagio ni pagio, na mfalme ni mpalme, na taji lake kichwani (H nayo huwa tunaimeza tu). Mama akaandika kwenye karatasi ya manila vile anavyoongea, kwa herufi kubwa nyeusi (neno Askofu tu alilinakili kutoka ubao wa kanisa):

JUMAPILI ASKOFU ATAPIKA KAKUMA. WATU WOTE WAJE.

Alitaka kusema atafika. Lakini hiyo aliyoandika ina njia mbili tu: ama Askofu atashika mwiko, ama tumbo limemchafuka.

Akaniletea mimi kwanza. "Ewoi, angalia kabla Mwalimu ajaona. Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, Mama," nikasema, na nilikuwa nimeuma shavu kwa ndani nisicheke.

Mwalimu alikuwa amelala chini ya pikipiki yake akibishana na mnyororo, akanyoosha mkono wenye grisi akanipa simu yake. "Umelisahihisha? Basi lipige picha, ulitume kwa kundi la Kakuma." Nikatuma. (Mpango wangu ulikuwa tucheke kidogo, halafu nitume lingine lililo sawa. Mimi na mipango yangu.) Kabla sijaandika lolote likaingia jibu la Mama Furaha, Mkongo mmoja anayeongoza akina mama wa kanisa kule kwenye kambi ya wakimbizi: "Amina, Mwalimu. Baba Askofu atapika nini?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikajibu, kwa simu ya Mwalimu, kwa jina la Mwalimu: "Pilau ya mbuzi. Mje na sahani. Itakuwa noma." Kisha nikayafuta mazungumzo, nikarudisha simu nikiwa na uso wa mtakatifu, bila kukumbuka kwamba ukifuta kwako hujafuta kwao.

Jumapili tukapanda pikap ya kanisa, akina mama na shanga zao za sherehe wakiimba, mimi nyuma kabisa na mbuzi ambaye darasa lilikuwa linampelekea Askofu kama zawadi. Mbuzi alinitafuna kola safari nzima. Mama hakuimba. Midomo ilikuwa inacheza tu, alikuwa anajikumbusha somo lake.

Tulipofika Kakuma nilielewa kabla ya mtu yeyote. Nje ya kanisa lile la mabati watu walikuwa wamejaa, na kila mtu ana sahani. Wengine masinia. Watoto wanagonga mabakuli na vijiko. Na hakuna moshi mahali popote, hakuna sufuria, hakuna mama aliyeamka kupika, kwa sababu nani apike na mpishi yuko njiani? Mlangoni tangazo la Mama limechapishwa kubwa, limebandikwa na gundi.

Gari la Askofu likasimama. Wa kwanza kumfikia alikuwa bibi mmoja wa Sudan Kusini, akamwekea mkononi chupa ya maji yenye chumvi na sukari. "Baba, kunywa pole pole. Tumekuombea tangu Alhamisi."

"Kwani naumwa?" Askofu akauliza.

"Si ni hilo tumbo," bibi akamjibu kwa huruma.

Mwalimu Barasa akasoma mlango. Akausoma tena. "Nani aliandika hivi?"

"Ni mimi," Mama akasema.

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walikuwa na njaa na jambo lenyewe linachekesha, lakini mimi nilikuwa namtazama Mama, na Mama akaanza kukaza kitenge kiunoni, polepole, vile hufanya mahali popote anapotaka kuondoka. Nikajua anaondoka kwenye darasa, kwenye cheti, kwenye kila kitu. Na bado, niwaambie ukweli, nilikuwa nimejificha nyuma ya mbuzi.

Mama Furaha ndiye aliyenitoa. "Lakini Mwalimu, njo wewe ulituambia pilau," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, akainua simu yake, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Pilau ya mbuzi. Mje na sahani. Itakuwa noma."

Mwalimu Barasa ni mtu anayefukuza kuku kwa Kiswahili sanifu. Hajawahi kusema noma wala neno lolote la vijana. Aligeuka taratibu, akina mama wa Lodwar wakageuka naye, nadhani hata mbuzi aligeuka.

"Ewoi."

"Naam, Mwalimu." (Sijawahi kumwitikia mtu naam.)

"Noma ni nini?"

Nikatoka. Nikasema yote mbele ya sahani zile zote, kwamba Mama aliniuliza kama iko sawa nami nikamwambia iko sawa ilhali niliona. Hakuna aliyecheka tena. Mama akaniangalia, akasema kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, "Nilikuonyesha wewe kwanza." Ningependelea kofi.

Askofu alikuwa amesimama na chupa yake mkononi. Akaangalia mlango, akaangalia sahani, akamwangalia mbuzi (maskini, naye alikuwa anamwangalia). Kisha akavua pete, akaitia mfukoni, akakunja mikono ya kanzu.

"Imeandikwa," akasema. "Basi itimie. Mwiko uko wapi?"

Vigelegele vilivyolia hapo sijui kama vilisikika Lokichoggio. Wakongo wakaleta sufuria na vitunguu, Msomali wa duka la ng'ambo ya barabara akatoa mchele na viungo, halafu akabaki palepale kusimamia, maana hakumwamini Askofu na bizari. Mimi nilimenya vitunguu vyote. Nikachota maji yote. Watoto walinifuata kutoka bombani hadi jikoni wakiimba "Noma, Noma," na mpaka leo ukiniulizia kule kwa jina la Ewoi hakuna anayenijua.

Ibada ilianza watu wameshiba, jambo ambalo silikumbuki likitokea kwingine. Wakati wa somo ulipofika Mama alikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kitenge kimekazwa. Askofu, ananuka moshi hadi huku tulipokaa, akasema tu, "Mama Ewoi, tunakungoja."

Mama akabaki amekaa. Halafu akainuka.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kanisa lilinyamaza kama alivyokuwa akitaka. Katikati akafikia neno wakafika. Akasimama. Akainua macho, akanitafuta hadi akanipata, akaweka meno ya juu kwenye mdomo wa chini kama Mwalimu anavyofundisha, akaipuliza hiyo F ndefu, kama tairi ya lori inayotoa upepo. Kanisa zima likaruka juu.

Jioni tukarudi, mimi nimekaa pale mbuzi alipokuwa, nikiapa moyoni kwamba simu ya Mwalimu sitaigusa tena na kwamba kosa la mtu aliyeniamini sitalifanya mchezo (na Mwalimu ameshanipangia: kila jioni nasahihisha madaftari ya darasa zima, hadi likizo iishe). Mama alikuwa kando yangu, cheti kifuani, akikipangusa vumbi kwa kitenge. Nikangoja. Taa za Lodwar zilipoanza kuonekana ndipo akanigeukia.

"Ewoi, kesho asubui wewe utapika. Na apo sijakosea erupi."