Mwili Uliomtosha Gentil

Ukifika kwetu Kingi, kwenye milima ya Masisi, na kuuliza nyumba ya Gentil, mtu hatakuelekeza kwa mdomo kwanza. Atakunja mkono wake, atainua ngumi juu, akuonyeshe musuli, halafu ndipo atakuambia upite nyuma ya kanisa. Gentil ni mkulima wa maharage na viazi. Ana miaka arobaini na minne, mke mmoja na watoto watano. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa hapa, nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwake, na tulichunga mbuzi pamoja tukiwa wadogo. Ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho, ama nimeyapata kwake na kwa mke wake Verdiane, ambaye hawezi kumaliza habari ya mume wake bila kucheka katikati.

Hakuzaliwa na mwili ule. Tulipokimbia vita, yeye na Verdiane walikaa kambini Kitshanga mwaka mmoja na nusu. Huko kila chakula kilichopatikana alikipitisha kwa watoto kwanza, na mara nyingi hakikumrudia. Siku aliporudi, mama yake mzazi, ambaye alikuwa amejificha upande wa Nyabiondo, alikutana naye njiani akampita bila kumsalimia. Alipiga hatua kama kumi, akageuka, akamtazama, kisha akaketi kwenye majani na kuanza kulia.

"Mama, ni miye," Gentil akamwambia.

"Najua ni weye. Njo maana nalia."

Gentil hakusahau. Mavuno ya kwanza yalipoingia, alichukua makopo mawili makubwa ya maziwa ya unga, akayajaza sementi, akachomeka chuma katikati. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alikuwa uani akiinua. Siku sita kwa juma, Jumapili tu ndiyo alipumzika. Alikula sahani mbili za bugali na maharage, akala na mayai ya kuku wake mwenyewe. Makopo yalipokuwa mepesi akatengeneza mengine mazito zaidi. Katika miaka miwili kifua kikajaa, mabega yakapanuka, na vijana wakampa jina: Papa Katapila.

Hatukumcheka, maana mwili ule ulikuwa na kazi. Gari haiwezi kupanda hadi nyumba zetu za juu. Mgonjwa tunamteremsha kwa kipoyi, yaani machela ya miti miwili na turubai, wanaume wanne wakibeba mabegani mpaka hospitali ya Masisi. Wa kwanza kuitwa kila mara alikuwa Gentil.

Shida ilianzia kwenye shati. Verdiane ana mashini ya kushona, na shati la Jumapili la mume wake alilishona yeye. Gentil alipoongezeka, Verdiane akafungua mishono ya ubavuni. Akaongezeka tena, akafungua mabega. Mara ya tatu akatia kiraka kirefu chini ya makwapa, na kwa mbali hakikuonekana. Halafu Jumapili moja, wakati wa wimbo wa shukrani, Gentil aliinua mikono miwili kama wengine wote, na shati likapasuka mgongoni kutoka bega hadi bega. Nilikuwa benchi la nyuma yake. Niliona mgongo wote. Watoto wa shule yangu walicheka mpaka nikawatoa nje, na huko nje nikacheka nao.

Nyumbani, Verdiane aliweka shati magotini, akaligeuza huku na huku.

"Papa Élysée," alimwambia, kwa jina la binti yao mkubwa, "kitambaa imekwisha. Hakuna tena pa kufungua."

"Ushone ingine."

"Nitashona ingine, kisha ingine. Utasimama wapi?"

Gentil akaligusa shati pale lilipopasuka.

"Huu mwili naupenda," Verdiane akaendelea. "Sitakudanganya. Lakini huu wa leo unatosha. Ubakie hapa."

"Nikiacha, mwili utakwisha," Gentil akajibu. Aliangalia mlango, hakumwangalia mke wake. "Utakwisha kama kule Kitshanga. Mama atanipita tena mu njia."

Verdiane aliniambia baadaye kwamba hapo kicheko kilimwisha. Miaka yote alidhani mume wake anapenda tu kusifiwa. Hakujua kwamba kila asubuhi, uani pale, alikuwa anaikimbia kambi.

Hata hivyo Gentil alikubali kujaribu kubaki palepale alipofika. Akapima mkono wake kwa kamba ya mgomba, akafunga fundo, na fundo hilo likawa hakimu wake. Kwanza akapunguza chakula nusu nzima, huku akiinua vilevile siku sita. Baada ya majuma matatu alikuwa anasinzia shambani na kugombana na kuku. Kamba ikalegea mkononi. Akarudisha chakula, akabadilisha njia: akachukua makopo mepesi ya zamani, akawa anayainua mara mia, mara mia na hamsini, mpaka jasho likalowesha chini. Mwezi ukapita, kamba ikalegea zaidi. Siku hizo nilimkuta ameketi juu ya kopo la sementi, ameshika kamba, kama mtu aliyeletewa barua mbaya.

Aliyemsaidia ni Narcisse, kine wa hospitali, yule anayewafundisha kutembea waliovunjika miguu. Ni mtu mwembamba wa miwani, mkono wake mzima unaingia ndani ya kiganja cha Gentil. Siku moja tulipoteremsha mgonjwa, Gentil alibaki mlangoni kwake akizungukazunguka, mpaka Narcisse akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwe," Gentil akasema. "Nataka kubakia vile niko. Nisikuwe mukubwa zaidi, na nisikwishe."

Narcisse hakucheka. Alimwambia avue shati, akamgusa mabega, akamuuliza anainua nini, siku ngapi, anakula nini. Kisha akavuta kiti.

"Papa, kujenga musuli inaomba mingi. Kuilinda inaomba kidogo, lakini ile kidogo inapashwa kuwa ya kweli. Weye ulipunguza uzito, ukaacha siku zilezile sita. Ufanye kinyume. Uzito ubakie uleule mukubwa. Siku njo upunguze. Mbili ku juma zinatosha."

"Mbili?"

"Mbili. Musuli haibakie kama hauitumikishe. Ukiikumbusha ule uzito mara mbili, inajua kama ungali unaihitaji. Na usijinyime chakula. Maharage, maziwa, yai, usipunguze. Utoe tu ile sahani ya pili ya bugali, sababu ile njo ilikuwa inakukuza. Ukiona kamba inalegea, urudishe kidogo. Ikikaza, utoe kidogo. Na ulale, Papa. Uso wako inaonyesha haulalake."

Gentil alirudi Kingi hajaridhika. Siku mbili kwa mtu wa siku sita aliziona kama uvivu uliopakwa rangi. Lakini Verdiane aliyashika maneno ya kine kuliko katekisimu. Alichukua chuma na makopo mazito, akavifungia kwenye kona ya mashini yake chini ya vitambaa, na alivitoa Jumanne na Jumamosi tu. Siku nyingine Gentil alipita mlangoni akivitazama kama mbuzi anavyotazama maharage ya jirani.

"Hata mara kumi tu," aliomba Jumatano moja.

"Jumamosi."

"Mama Élysée, nasikia mikono inanywea."

"Mikono haisemake. Jumamosi."

Alipoanza kupima mkono asubuhi na jioni, Verdiane akachukua na kamba. Ikawa inatoka mara moja kwa mwezi, baada ya misa, na mimi nikaitwa kuwa shahidi. Mwezi wa kwanza Gentil alifumba macho. Fundo lilikaa mahali pake. Mwezi wa pili, palepale. Mwezi wa nne hakufumba tena macho. Mistari ya mabega ilionekana hata vizuri kuliko zamani, maana maji na mafuta ya sahani ya pili yalikuwa yameondoka na musuli ikabaki.

Kitu kingine kilitokea ambacho hakuna aliyekitafuta. Asubuhi zile nne alizopewa bure, Gentil hakujua azifanye nini, akaanza kushuka shambani pamoja na Élysée. Binti alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kumwona baba yake uani akihema, si mtu wa kuongea naye. Sasa walipalilia mstari mmoja mmoja, wakizungumza. Huko ndiko Gentil alikopata habari kwamba Élysée anataka kusoma uuguzi, na kwamba alikuwa ameshamwambia mama, shangazi, na mimi mwalimu wake, kabla yake.

"Na miye?" Gentil akauliza.

"Ulikuwa unahesabu, Papa," binti akajibu. "Sikutaka nikupotezeshe hesabu."

Gentil alinisimulia jambo hilo mara mbili siku ileile.

Vijana nao hawakumwacha. "Papa Katapila, mbona umesimama?" walimuuliza. Yeye aliwajibu bila hasira, "Sijasimama. Nimefika."

Kisha ukaja mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, mvua ikinyesha kila siku. Siku ya Ijumaa mchana, Niyonsenga, mfugaji wa huko kwetu, alishuka mbio kutoka malishoni juu, kopo la maziwa bado mkononi. Mke wake Kampire alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu usiku, na mkunga amesema mtoto amekaa vibaya, lazima hospitali. Tukaitana. Kipoyi kikabebwa na Gentil, Niyonsenga mwenyewe, Théophile fundi wa mbao, na Evode, jirani yangu. Mimi nilitangulia na mwavuli na panga la kusafishia njia.

Tuliteremka vizuri hadi mtoni. Hapo kuna miti miwili tu iliyolazwa kuwa daraja, na ng'ambo yake kilima cha udongo mwekundu, njia yake nyembamba vilevile. Kabla hatujakanyaga mti, Théophile aliteleza, mguu ukageuka, akaanguka. Kipoyi kiliinama, Kampire akapiga ukelele, lakini Gentil alikuwa ameshajaza pengo. Darajani watu wawili hawawezi kwenda sambamba. Ikabidi abebe mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ameshika miti yote miwili kwa mikono. Na ng'ambo, kwenye mpando, uzito wote unamwangukia wa nyuma.

"Miye nyuma," Gentil akasema. "Niyonsenga, uende mbele. Usikimbie."

Kampire aliinua kichwa. "Kaka Gentil, utaniangusha."

"Sitakuangusha, dada. Hesabu hatua. Weye njo utahesabu, miye nitafuata."

Akahesabu. Uchungu ulipokuja alinyamaza, na Gentil akasimama palepale, maji yakipita chini ya miti, mishipa ya shingo imemtoka. Ulipoachia alihesabu tena. Nilikuwa ng'ambo nimenyoosha mkono ambao haukumsaidia mtu. Walimaliza daraja kwenye ishirini na tisa. Mpandoni udongo ulikuwa kama sabuni. Gentil aliinua ncha za miti mpaka mabegani ili Kampire asilale kichwa chini, akawa anakita vidole vya miguu kwenye udongo, hatua baada ya hatua. Kampire alihesabu sitini, sabini, akapotea, akaanza tena na moja. Théophile alibaki ukingoni na mguu wake; juu ya kilima Evode, aliyekuwa akitufuata nyuma, alinyakua upande mmoja, mimi nikatupa mwavuli nikashika mwingine, na tukaenda hivyo hadi Masisi.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijatua, msichana, mzima. Walimwita Umurerwa.

Tulikaa kwenye ngazi za hospitali tumejaa matope. Vidole vya Gentil vilikuwa bado vimejikunja kana kwamba vimeshika miti, hakuweza kushika kikombe cha chai. Niyonsenga alimshikia kama mtoto, naye akanywa. Nilimuuliza kama angefaulu zaidi iwapo angekuwa bado mtu wa siku sita.

"Apana," akasema. "Zamani, Ijumaa mabega yangu yalikuwa yamechoka tangu Jumatatu. Nilikuwa mukubwa, lakini mukubwa wa kuchoka. Leo yalikuwa yamepumzika."

Narcisse alipita akatukuta pale. Alimtazama Gentil akinyweshwa chai. Juma lililofuata alituma ujumbe: kuna wagonjwa wazito ambao hawezi kuwasimamisha peke yake, je, Papa anaweza kuja Alhamisi? Gentil akaenda. Anaenda hadi leo.

Alhamisi iliyopita nilipitia huko nikamkuta na Bibi Murekatete, mama mzee aliyevunjika paja. Alikuwa amemshika chini ya makwapa, taratibu, kama mtu anayebeba sinia ya mayai. Bibi alipiga hatua nne akataka kuketi.

"Juma lililopita nilifanya nne," bibi akalalamika. "Na leo nne. Siendelee."

"Nne hazijapotea, Bibi," Gentil akamwambia. "Kuzilinda nako ni kazi."

Bibi Murekatete alimtazama kutoka chini hadi juu, mwili wote ule. Kisha akamwambia aache maneno mengi, amletee kiti, maana miguu ni yake, si ya Gentil. Gentil akamletea kiti.